Senti Sita za Rupia, Senti Sita za Shilingi

Katika sanduku la marehemu baba, lililofika hapa Thamesmead baada ya kupitia Mombasa na Maskati, mlikuwamo hati mbili za shamba, tasbihi iliyokatika uzi, na daftari la hesabu la babu, la kuanzia mwaka 1929 hadi 1941. Kwa miaka mingi daftari lile lilikaa juu ya kabati, nami nikijiambia kuwa nitalisoma nitakapostaafu. Nilipostaafu sikubakiwa na udhuru. Msimu wa baridi uliopita, mvua ikipiga juu ya ziwa la Southmere mbele ya dirisha langu, nililishusha, nikapangusa vumbi, nikaanza ukurasa wa kwanza.

Maandishi yake ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na tarakimu zake ni za Kiarabu. Wanangu hawawezi kuyasoma, na wajukuu wa ndugu zangu walioko Toronto na Dubai hawawezi pia. Ndiyo sababu naandika. Lakini iko sababu nyingine, nayo inahusu kisa ambacho kila mmoja wetu katika ukoo huu amekisikia akiwa mtoto: kisa cha Mwaka wa Jeuri.

Bibi alikuwa akikisimulia hivi. Mwaka mmoja, karafuu zikiwa zimeiva mitini, wachumaji wa babu walikataa kupanda. Walikaa chini ya mikarafuu siku nne, ngazi zimelazwa, vikoi vimefungwa, huku vikonyo vikianza kuchanua, na karafuu ikishachanua haina thamani tena. "Babu yenu aliwapa pahala pa kulala na chakula," bibi akisema, "nao wakamlipa jeuri." Tulikua na maneno hayo, tukayaamini. Sasa nimeuona ukurasa wa mwaka ule, na naona ni haki wote mlioupokea msemo huo muusikie na ukurasa wenyewe.

Riale, rupia na pesa

Ili ukurasa huo ufahamike, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Wazee wetu hawakuhesabu kwa sarafu moja. Sarafu kubwa ilikuwa riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo hata ilipopigwa karne moja na zaidi baadaye iliendelea kuandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki. Watu wetu wakiiita riale ya Sham. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili wakiiita riale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile machoni mwao zilifanana na mizinga. Chini ya riale ilikuwa rupia ya Bara Hindi, na chini ya rupia ilikuwa pesa ya shaba. Seyyid Barghash alipopigisha sarafu zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alitia juu ya pesa yake picha ya mizani.

Hesabu iliyozoeleka ilikuwa pesa 64 kwa rupia moja na pesa 136 kwa riale moja, ambayo ni sawa na rupia mbili na ana mbili. Lakini sokoni idadi ya pesa katika riale ilipanda na kushuka. Shaba ikizidi mjini, riale ilihitaji pesa nyingi zaidi; ikiadimika, ilihitaji chache. Tajiri aliweka mali yake kwa riale. Muuza samaki, mpagazi na kibarua walilipwa kwa pesa. Kwa hiyo kila shaba ilipojaa mjini, ujira wao ulipungua bila mtu yeyote kuupunguza.

Neno kibarua lenyewe lina historia. Ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Wengi wa vibarua wa mwanzo walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, nao jioni walipeleka sehemu ya ujira kwa bwana wao. Hatuwezi kuandika habari za fedha za babu zetu tukaiacha sentensi hiyo.

Karafuu nazo zilikuwa na mawimbi yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa kila mwenye uwezo alipanda mikarafuu, hata zikajaa sokoni, na bei ya frasila, ambayo ni ratili 35, ikaanguka kutoka kiasi cha riale kumi hadi riale mbili na chini yake. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mashamba mengi ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Mwaka uliofuata soko la watumwa mjini lilifungwa kwa mkataba, na Aprili 1897 hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria. Kuanzia hapo mwenye shamba alipaswa kumtafuta mchumaji na kumlipa kwa kila pishi aliyochuma. Watu walikuja kuchuma kutoka kusini mwa Unguja, Tumbatu na bara. Mwenye shamba mara nyingi hakuwa na fedha taslimu za kuwalipa kabla ya kuuza, basi alikopa, akaliweka shamba rehani kwa njia iliyoitwa bei khiyari, yaani kuuza kwa sharti la kuweza kukomboa.

Huku nyuma fedha ya madini ilikuwa ikishuka duniani. Tangu miaka ya 1870 mataifa makubwa yalielekea kwenye dhahabu, na rupia iliyokuwa karibu shilingi mbili za Kiingereza ikaporomoka. Mwaka 1893 serikali ya India ilifunga milango ya kupiga rupia kwa kila aletaye fedha, na mwisho wa karne rupia ikafungwa kwenye shilingi moja na peni nne. Mwaka 1927 kiwango kikawa shilingi moja na peni sita. Hicho cha mwisho ndicho kilichoamua jambo letu, kwa sababu rupia ya Unguja ilikwenda sambamba na rupia ya India.

Ukurasa wa mwaka 1936

Tarehe 1 Januari 1936 rupia iliondoka Unguja na Pemba, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao yake hapa London. Kiwango kilikuwa rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Shilingi ishirini zilikuwa pauni moja, bila kupungua wala kuzidi. Rupia ya Unguja ilikuwa na senti mia. Shilingi nayo ina senti mia. Jina la senti halikubadilika, lakini senti ya shilingi ilikuwa theluthi mbili tu ya senti ya rupia.

Sasa tazameni daftari. Babu alikuwa na deni kwa mfanyabiashara mmoja wa Wete. Mwisho wa 1935 limeandikwa rupia 840. Mwanzo wa 1936 limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, nadhani ni karani wa mdai, shilingi 1,260. Hesabu ni sahihi kabisa. Frasila ambayo babu aliiuza kwa rupia 7 aliiuza sasa kwa shilingi 10 na senti 50. Hapo pia hesabu ni sahihi. Kisha inakuja safu ya wachumaji. Mwisho wa 1935: pishi moja, senti 6. Mwanzo wa 1936: pishi moja, senti 6.

Nilidhani nimekosea kusoma. Tarakimu ya sita katika hati yetu haifanani sana na ya tisa, lakini macho yangu yamechoka. Nikachukua kioo cha kukuzia. Ni sita. Iko hivyo kwa siku kumi na moja, wachumaji ishirini na watatu, jumla ya pishi 2,530. Walistahili senti 9 kwa pishi ili wabaki pale walipokuwa. Senti tatu zilizokosekana katika kila pishi zinafika shilingi 75 na senti 90, ambazo kwa bei ya msimu ule ni frasila saba na kidogo za karafuu kavu.

Mchumaji wa kawaida katika daftari hilo alileta pishi kumi kwa siku. Zamani aliondoka na senti 60 za rupia, sasa akaondoka na senti 60 za shilingi, tena kwa sarafu ngeni zenye tundu katikati. Huenda siku ya kwanza hakutambua. Babu ameandika katika matumizi ya nyumbani kuwa pishi ya mchele ilikuwa senti 20 za rupia, kisha senti 30 za shilingi, maana mwenye duka alijua kuzidisha. Basi ujira wa kutwa uliokuwa ukinunua pishi tatu za mchele ukawa unanunua pishi mbili. Dukani ndiko walikogundua.

Baada ya siku ya kumi na moja kuna siku nne tupu. Hakuna pishi, hakuna jina. Siku ya tano majina yanarudi, na mbele yake imeandikwa senti 8. Haikupata kufika tisa msimu ule wote.

Huo ndio Mwaka wa Jeuri.

Sikutaka kuharakisha kumhukumu babu. Alikuwa amebanwa. Bei ya karafuu ilikuwa chini tangu mdororo wa dunia ulipoanza, na wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Lakini huwezi kusema hakujua. Katika ukurasa huohuo, wino uleule, amezidisha kwa moja na nusu katika kila mahali alipokuwa akidai, na mdai wake amezidisha kila mahali alipokuwa akidaiwa. Safu moja tu haikuzidishwa, nayo ni ya watu wasiokuwa na daftari.

Wala hakuwa wa kwanza katika pwani na bara yetu. Mwaka 1920 huko Kenya rupia ilifungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza, hali kabla ya vita vikuu ilikuwa shilingi moja na peni nne. Walowezi waliokopa kwa rupia waliona madeni yao yameongezeka kwa nusu wakiyapima kwa pauni, na mazao yao yakiuzwa London kwa pauni. Bei za dunia zilipoanguka, mwaka 1921 waliazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku na wenzake wakasimama kupinga. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika Nairobi kumdai ulipigwa risasi. Theluthi ile ya Nairobi ilitangazwa mikutanoni, watu wakaijua na kuipinga. Ya babu ilifichwa na jina la senti.

Mwaka nilioonja mwenyewe

Nisingeyaelewa haya kama yasingenipata. Baada ya uhuru, Bodi ya Sarafu ilivunjika, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa na shilingi yake. Novemba 1967 Waingereza walipoishusha pauni, Tanzania haikufuata, na kwa muda pauni ikawa shilingi 17 na kidogo badala ya 20. Baba alikuwa akilitaja jambo hilo kwa fahari.

Mwaka 1986 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja mjini Unguja, mshahara wangu shilingi 1,360 kwa mwezi. Kwa kiwango cha serikali cha kama shilingi 17 kwa dola, hizo zilikuwa dola 80. Mwezi Juni shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola, na mshahara wangu ukawa dola 34. Kabla mwaka haujaisha dola ilikuwa imepita shilingi 50. Katika hati ya malipo tarakimu ilikuwa ileile, na mhasibu alinikabidhi bahasha kwa uso uleule.

Nisidai zaidi ya haki yangu. Kiwango cha shilingi 17 kilikuwa cha maandishi tu. Mtaani dola ilikuwa ghali mara kadhaa, na vitu madukani vilikuwa tayari vikifuata bei ya mtaani. Aidha, shilingi iliyopandishwa juu ya thamani yake ilikuwa mzigo kwa mkulima wa karafuu, kwa sababu shirika la serikali liliuza karafuu zake ng'ambo kwa dola na kumpa yeye shilingi chache; ndiyo maana wengi walizivusha kwa magendo hadi Mombasa. Kushushwa kwa shilingi kungemfaa mkulima huyo, lau bei ya dunia isingeanguka wakati uleule. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe.

Mimi niliondoka. Nilikwenda kwanza Maskati, ambako riyali imefungwa na dola kwa kiwango kisichobadilika tangu 1986, na karani anaweza kujua leo atakacholipwa mwakani. Kisha nikaja huku. Kila aliyehama katika ukoo wetu ana kisa cha 1964, lakini naamini wengi wa rika langu tulihama vilevile kwa ajili ya bahasha ile.

Ubao wa Plumstead

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nichelewe kuandika.

Katika barabara kuu ya Plumstead yako maduka ya kutuma fedha, na kila duka lina ubao wa viwango: naira, sedi, shilingi ya Kenya, shilingi ya Tanzania. Jirani yangu Mnigeria husimama hapo kama mtu anayetazama hali ya hewa. Juni 2023, naira ilipoachiwa ielee, alinunua keki akatugawia ghorofa nzima, kisha akakaa kimya alipopigiwa simu na dada yake. Nami nimekuwa nikisimama hapo tangu miaka ya 1990, wakati pauni ilipokuwa kama shilingi 1,100. Siku hizi inapita 3,000. Kila inapopanda moyo wangu hufurahi.

Mnajua kuwa shamba lilitaifishwa baada ya Mapinduzi na kugawiwa eka tatu tatu, na kuwa nyumba ya babu, nje kidogo ya Wete, ilibaki. Mnajua pia kuwa yupo mzee anayeitunza, na kuwa mwaka 2009 tulikubaliana kumlipa shilingi 60,000 kwa mwezi kutokana na mchango wetu, mimi nikiwa mweka hazina. Wakati huo hizo zilikuwa kama pauni 29. Sasa ni kama pauni 18. Michango yetu haikupungua. Katika kila mkutano wa ukoo nimesoma taarifa nikisema kuwa, kwa baraka ya kiwango, tumebakiwa na akiba, nanyi mmenishukuru. Kwa akiba hiyo tulibadilisha mabati na kupaka rangi ukumbi.

Baada ya kuufunga ukurasa wa 1936 nilimpigia simu. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto, kisha nikamwuliza ujira ule unamfikisha wapi. Akanyamaza kidogo. "Zamani ulikaribia gunia la mchele," akasema. "Sasa haufiki nusu ya gunia." Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. "Sheikh wangu, mimi nilidhani ndivyo mlivyoamua."

Kwa miaka kumi na mitano mimi, karani, mwenye kujua kuzidisha, niliandika sita pale palipostahili tisa. Sikukusudia. Babu naye, nikimdhania wema, pengine angesema hivyohivyo.

Tangu mwezi wa Januari nimepandisha ujira wake hadi shilingi 130,000, na nimependekeza kuwa kila mwaka tuupime kwa bei ya gunia la mchele katika soko la Wete, tusiupime kwa ubao wa Plumstead. Nimekwisha kuhesabu malimbikizo. Sehemu yangu nimeituma. Hesabu ya kila tawi la ukoo nitaileta katika mkutano ujao. Wapo watakaosema kuwa hatukuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa tuliahidi elfu sitini na elfu sitini tumetoa. Ni kweli. Babu pia alitoa senti sita.

Kwa wenye madaftari ya wazee nyumbani, iwe Oman, Lamu au Kanada, nina maombi mawili. La kwanza, msiyatupe kwa kuwa hamwezi kuyasoma. Wapo bado wazee watakaowasomea. La pili, mtakapokuta tarakimu, ulizeni kwanza ni ya sarafu gani na ya tarehe gani, kwani thumuni iliyokuwa sehemu ya nane ya riale ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuwa nusu shilingi mifukoni mwetu tulipokuwa wanafunzi wa skuli. Jina hudumu muda mrefu kuliko thamani. Kisha tazameni safu zote za ukurasa, hasa ile ya watu waliotajwa kwa jina moja tu bila jina la baba.

Majina ya wale wachumaji ishirini na watatu nimeyanakili kwa herufi za Kirumi. Baadhi ya vizazi vyao bila shaka bado wako Pemba, huenda katika eka tatu zilizokuwa za babu. Tunapokaa kusimulia tulichopoteza, nami ni mmoja wa wanaosimulia, naomba ukurasa huu uwe mezani pamoja na hati za shamba. Na kisa cha bibi tuendelee kuwasimulia watoto, kwa kuwa ni chetu. Ila sasa tuwaambie na bei ya mchele ya mwaka ule.